Mikono inagombana, miguu imenyamaza

Kedi, kijana anayenibebea begi la fimbo za gofu, alisubiri nipige mipira kadhaa ndo akafungua mdomo.

"Bosi, mkono wako wa kushoto una fujo. Unavuta kabla mwenzie hajafika. Upoze kidogo, wa kulia ufanye kazi yake."

Ilikuwa jioni pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, sehemu ya mazoezi, jua limeshaanza kupoa na mipira yangu ilikuwa inatoka chini chini halafu inakata kulia kuelekea kwenye miti. Huyu kijana ananibebea begi siku nyingi na jicho lake naliamini kuliko video za mtandaoni, kwahiyo nikamsikiliza, nikapoza kushoto, mipira miwili mitatu ikaenda vizuri, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Jumapili yake nikacheza na afande mmoja mstaafu. Mzee ana tumbo, ana goti bovu, na bado ananipiga kila wiki. Tukafika shimo la nne hivi akaweka begi chini.

"Kijana, kulia kwako ndo kunakuharibia. Kunasukuma mapema mno. Gofu ni mchezo wa kushoto, huo wa kulia ni abiria tu."

Swingi, yaani ule mzunguko wa kupandisha na kushusha fimbo, ni ileile moja.

Watu wawili wanaojua gofu kunizidi, ndani ya wiki moja, mmoja ananiambia kushoto kumezidi na mwingine ananiambia kulia kumezidi. Na wote wawili wakinisahihisha mipira inakaa sawa kwa dakika kumi kisha inarudi kulekule. Nilitembea na hili jambo kichwani wiki kadhaa, nikawa nalifikiria kwenye foleni ya Mwenge, nikawa nalifikiria kikaoni kazini mtu anaongea bajeti.

## Kambi mbili

Ukianza kuuliza unakuta huu ugomvi ni wa zamani sana, sio wa mimi na kedi wangu.

Kuna kambi ya kushoto. (Nikisema kushoto na kulia kwenye makala hii naongelea mchezaji anayetumia fimbo za mkono wa kulia, mnaotumia fimbo za kushoto geuzeni.) Hawa wanasema mkono wa kushoto ndo uko juu kwenye fimbo, ndo unaoelekeza uso wa fimbo, bega la kushoto ndo linageuka chini ya kidevu, kiuno cha kushoto ndo kinafungua mlango. Kulia kazi yake ni kufuata. Ukimwangalia Vijay Singh kwenye marudio ya taratibu utaona vidole vya mkono wake wa kulia vinaachia karibu kabisa fimbo wakati anagonga mpira, na jamaa alishinda meja tatu, yaani yale mashindano makubwa kabisa ya gofu, hivyohivyo.

Halafu kuna kambi ya kulia. Ben Hogan, ambaye wengi wanamhesabu kuwa ndo aliyeielewa swingi kuliko mtu yeyote, aliandika kwamba inapofika kwenye kutoa nguvu anatamani angekuwa na mikono mitatu ya kulia. Mitatu! Lakini Hogan huyohuyo alitaka kushoto kuwe imara kwanza ndo hiyo ya kulia iruhusiwe kupiga kwa nguvu zote, na hicho kipande cha pili watu wanakisahau wanaponukuu kile cha kwanza.

Na kuna Ernest Jones, Muingereza, huyu alinichanganya zaidi. Alipoteza mguu wa kulia chini ya goti kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, na aliporudi uwanjani akawa bado anapiga gofu ya kueleweka kabisa. Baadaye akahamia Marekani akawa mwalimu mkubwa, na alichofundisha maisha yake yote ni kwamba acha kufikiria vipande vya mwili, fikiria kichwa cha fimbo kinachozunguka. Yaani mtu amekatwa upande mmoja na swingi ipo.

Sasa kama swingi inaweza kuishi bila mguu wa kulia, na inaweza kuishi na mkono wa kulia unaoachia, basi ile habari ya asilimia hamsini kwa hamsini inatoka wapi?

Maana hicho ndo nilikuwa natafuta, nikiri tu. Nilidhani usawa ni kugawana. Kushoto nusu, kulia nusu, amani.

## Sanduku la mashoto

Kuna kitu sijasema na kwa wanaonijua sio siri.

Mimi ni mashoto. Au nilikuwa. Au nusu. Bibi alinifundisha kula kwa kulia na hapo hapakuwa na mjadala, mkono wa kushoto kwenye sahani ya pamoja ni aibu ya ukoo mzima. Shule ya msingi mwalimu mmoja akanihamisha kalamu kwa rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole, na akafanikiwa, leo naandika kwa kulia mwandiko mbaya lakini unasomeka. Vilivyobaki havikuguswa na mtu: mswaki kushoto, nyundo kushoto, mpira wa miguu kushoto.

Nilipoanza gofu niliazima fimbo. Na fimbo za kuazima Dar es Salaam ni za kulia, hata usihangaike kuuliza. Kwahiyo nikasimama upande wa kulia wa maisha kama nilivyozoea kusimamishwa, na sikulifikiria tena.

Kumbe dunia ya gofu imejaa watu waliosimama upande usio wao, na wengine wamefika mbali sana. Phil Mickelson anafanya kila kitu kwa kulia isipokuwa gofu, kwa sababu alipokuwa mtoto alisimama mbele ya baba yake akawa anamuiga kama anajitazama kwenye kioo. Bob Charles wa New Zealand, mchezaji wa kwanza wa fimbo za kushoto kushinda meja, The Open ya 1963, naye ni mtu wa kulia kwenye mambo mengine. Jordan Spieth ni kinyume chao, anarusha mpira kwa kushoto lakini gofu anacheza kulia. Hogan mwenyewe fimbo yake ya kwanza ilikuwa ya kushoto, na mpaka leo wanabishana kama alizaliwa mashoto au ilitokea tu fimbo iliyopatikana ndo hiyo.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Mike Weir, Mkanada. Alikuwa kijana mdogo, anacheza kushoto kwa sababu ya hoki, akawa na wasiwasi kwamba hatafika popote bila kuhamia kulia. Akamuandikia barua Jack Nicklaus, gwiji wa gofu. Nicklaus akamjibu, abaki na swingi yake ya asili. Mwaka 2003 Weir akavaa koti la kijani, lile wanalomvisha mshindi wa Masters, moja ya meja.

Nikaisoma hiyo nikapata moto. Nikasema jibu ndo hilo, mkono wangu imara uko mbele, kushoto, kwahiyo kinachotakiwa ni kuuachia uongoze, afande yuko sahihi, kedi kakosea. Kesi imefungwa.

Haikufungwa.

## Mkono mmoja mmoja

Nilichofanya ni kitu ambacho walimu wengi wanawapa wanafunzi: unachukua aironi fupi, fimbo ya kichwa cha chuma, unapiga kwa mkono mmoja tu, swingi ya nusu, bila haraka. Kushoto peke yake, kisha kulia peke yake.

Nilitegemea kushoto kutashinda kwa mbali. Na kweli kushoto kuligusa mpira kwa utulivu, lakini ulikwenda umelegea, kama hata haujapigwa, na uso wa fimbo ulibaki wazi ukiangalia kulia. Kulia peke yake nilikuwa naanza na udongo kabla ya mpira. Kila mara. Nikipiga taratibu udongo, nikiongeza kasi udongo zaidi, kedi akawa anafukia mashimo na kucheka kwa chini chini.

Hapo ndo nikashtuka. Kwa sababu mkono wa kulia hauwezi kuwa mjinga wa namna hiyo, unaandika, unakula, unashika usukani. Na kushoto hakuwezi kuwa dhaifu hivyo, ndo ninakopigia nyundo.

Mikono yote miwili inafika mahali pamoja, nyuma ya mpira.

Fimbo ikishuka ina sehemu yake ya chini kabisa, na kwa mpira uliolala kwenye nyasi hiyo sehemu inatakiwa iwe mbele ya mpira kidogo, upande wa shabaha. Yangu ilikuwa nyuma. Na mikono kwa kujua hilo ilikuwa inajitetea kila mmoja kwa namna yake: siku nyingine kushoto kunavuta kwa nguvu ili kuwahi mpira, uso unabaki wazi, mpira unakata kulia, na huo ndo mvuto aliouona kedi. Siku nyingine kulia kunarusha kichwa cha fimbo kwa pupa, mpira unapinda kushoto, na huo ndo msukumo aliouona afande. Kila mmoja aliona kitu cha kweli kabisa. Ila wote tulikuwa tunaangalia mikono.

## Robo sekunde

Hapa nitaenda kwenye mambo ya kitaalamu kidogo, vumilieni.

Kupandisha fimbo nyuma mpaka juu kunachukua kama robo tatu ya sekunde kwa wachezaji wa kulipwa, na kushuka mpaka kwenye mpira ni kama robo sekunde, yaani tatu kwa moja. Mpira una uzito usiozidi gramu 45.93 na unakaa kwenye uso wa fimbo kwa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Draiva, fimbo ya kupigia mbali, ya mchezaji wa PGA Tour, ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, inapita pale kwa wastani wa karibu kilomita 185 kwa saa.

Robo sekunde haikutoshi kumwambia mkono wowote chochote. Mpaka ubongo uone kosa na kutuma amri mpira umeshaondoka. Kwahiyo ile "poza kushoto", "legeza kulia", nikiwa nimeshaanza kushuka, ni maneno ya kumwambia marehemu.

Kinachowezekana ni mpangilio. Wataalamu wamewafunga wachezaji vipima mwendo na wanachokiona kwa wapigaji wazuri kinafanana: kiuno kinaanza, kifua kinafuata, mikono, mwisho fimbo. Na kila kimoja kikishafika kasi yake kinapunguza mwendo, na kile kupungua ndo kunakomrushia kasi mwenzie wa mbele. Daladala ikifunga breki ghafla, dereva kasimama lakini we uliyening'inia kwenye bomba unaenda mbele na kasi yote. Fimbo ndo abiria.

Sasa breki iko wapi?

Iko upande wa kushoto. Mguu wa kushoto unapokea uzito, unasukuma ardhi, goti linanyooka, kiuno cha kushoto kinarudi nyuma na kuzuia upande mzima usiteleze kwenda mbele. Kulia kunasukuma kuelekea hapo. Bila huo ukuta, msukumo wa kulia hauna pa kuegemea, na bila msukumo, ukuta umesimama bure. Kwahiyo kuuliza upande upi una nguvu zaidi ni swali lililokaa vibaya tangu mwanzo. Kila upande una zamu yake, na zamu zenyewe zinapishana kwa muda mfupi ajabu: kuna kipande kidogo sana pale juu ambapo mikono bado inakwenda nyuma kulia wakati uzito wa chini umeshaanza kurudi kushoto. Mwili mmoja, safari mbili tofauti, kwa wakati uleule. Mi hapo ndo niliona uzuri wa huu mchezo, na ndo nilipoona kwanini unatesa watu.

Na tukumbuke gofu haijawahi kuwa sawasawa hata ukiwa umesimama tu. Mkono wa kulia uko chini ya wa kushoto kwenye fimbo, kwahiyo bega la kulia liko chini, mgongo umeinama kidogo kulia. Mtu anayekuambia simama umelingana pande zote hajaangalia mikono yake.

Haya yote niliyasoma, nikayaelewa, nikaenda kupiga, na bado nilikuwa naanza na udongo.

## Maembe ya Mkuranga

Jibu lilikuja sehemu isiyo na nyasi hata moja ya gofu.

Tulikuwa Mkuranga kwa shangazi, msimu wa maembe, watoto wanatungua kwa mawe na kama kawaida watu wazima wakaanza kujidai. Nikaokota jiwe. Mpwa wangu, binti wa darasa la tano hivi, akaniangalia narusha akasema, "Mjomba, mbona unarusha kinyume?"

Nikamwambia mi ni mashoto.

"Sio mkono, mjomba. Miguu."

Nikarusha tena najiangalia. Mtu wa kulia akirusha jiwe anakanyaga mbele na mguu wa kushoto, unashika ardhi, ndo mkono unapita. Mimi narusha kwa kushoto kwahiyo nakanyaga na kulia. Mguu wa kulia ndo unashika. Hapo hapo nikawaza mpira wa miguu: napiga kwa kushoto, kwahiyo ninaposhuti nimesimama juu ya nini? Juu ya mguu wa kulia. Nikiruka mtaro naukanyagia upi? Miaka yangu yote, kila nilipotaka nguvu, ukuta ulikuwa kulia.

Rula ya mwalimu ilihamisha kalamu. Miguu hakuna aliyeigusa.

Halafu nakuja kwenye gofu, nasimama upande wa kulia, na mwili unaambiwa ujenge ukuta kushoto, kwenye mguu ambao kazi yake tangu utoto ilikuwa kuruka hewani na kupiga. Bila shaka nilikuwa nabaki nyuma kwenye mguu wa kulia. Ndo mguu ninaouamini!

Jioni ile nikajaribu kitu cha kitoto, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefungwa. Kulia nilisimama kama nguzo. Kushoto niliyumba, nikashika ukuta, shangazi akauliza kama nimekunywa.

## Lakini je

Sikulala nikiwa na uhakika, nisiwadanganye. Kuna kitu kinanitia shaka kwenye maelezo yanayokuja matamu namna hii. Mtu akishapata hadithi nzuri kuhusu utoto wake kila kitu kinaingia humo, hata kushindwa kulipa kodi ya pango. Na Spieth je? Naye anarusha kwa kushoto, naye anacheza kulia, na ukuta wake hauna shida yoyote, ana meja tatu. Labda tofauti ni kwamba yeye alianza mtoto, akapiga mipira isiyohesabika mpaka mguu ukajifunza. Labda tofauti ni kipaji tu na mi natafuta pa kujificha.

Kwahiyo badala ya kubishana na nafsi nikaenda kupima.

Zoezi la kwanza, la kupiga huku unapiga hatua. Unaanza miguu imebanana, fimbo ikiwa inaelekea juu unapiga hatua ya kushoto kuelekea shabaha, ndo unashuka. Ni kile kitendo cha kurusha jiwe, cha mtu wa kulia. Mara za kwanza nilijikwaa kama ndama. Mguu ulikuwa unachelewa, unatua fimbo ikiwa imeshapita. Kedi akaacha kucheka akaanza kuhesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, kanyaga", na nikagundua kwamba "kanyaga" inatakiwa isemwe mapema kuliko nilivyodhani, kabla fimbo haijamaliza kupanda.

Zoezi la pili, kusimama uzito wote kushoto, kulia nimeweka ncha ya kiatu tu nyuma kwa ajili ya mizani, na kupiga swingi fupi. Hapa mpira ulianza kuguswa kabla ya udongo. Sauti ikabadilika. Mnaocheza mnaijua ile sauti.

Zoezi la tatu ni mkono wa kulia peke yake tena, lakini sasa nimesimama kushoto. Na ule mkono mjinga ukapiga mpira safi kabisa! Mkono haukujifunza chochote kipya kati ya wiki ile na hii. Ulipewa pa kuegemea.

Kushoto nako kuliacha kuvuta bila mtu kukuambia. Sikukupoza, sikukulegeza. Hakukuwa na haja tena ya kuwahi.

Mashindano ya Kenya Open yalipokuwa Muthaiga niliwahi kwenda kuangalia, na nakumbuka nilikaa kutwa naangalia mikono ya watu. Siku hizi narudia video za mashindano yaleyale naangalia viatu tu. Kiatu cha kushoto. Wengine kinazunguka baada ya kugonga, wengine kinaruka kidogo kabisa kwa jinsi wanavyoisukuma ardhi, wengine kimetulia kama kimepigwa msumari. Mitindo tofauti, ila hakuna niliyemuona uzito wake umebaki kulia wakati aironi inagusa mpira.

## Bei ya ukuta

Kuna upande ambao mashabiki wa "nyoosha goti la kushoto" hawausemi.

Tiger Woods alishinda US Open ya 2008 pale Torrey Pines, baada ya mashimo 18 ya ziada na shimo moja la kuamua mshindi dhidi ya Rocco Mediate, mguu wa kushoto ukiwa umechanika kano ya goti na mfupa wa mguu una nyufa. Mguu wa kushoto. Ukuta wenyewe. Msimu wake ukaishia hapo, akaenda kufanyiwa upasuaji. Swingi yake ya ujana ilikuwa inalinyoosha lile goti kwa nguvu ya kutisha, na sidhani kama ni bahati mbaya tupu kwamba ndo lilikuwa goti la matatizo.

Mi nina umri wa kutosha kusikia goti likinong'ona. Wiki ya pili ya mazoezi nilianza kulisikia kwa ndani. Afande, mwenye goti lake bovu, ndo aliyenipa dawa, na dawa yenyewe ni ya Hogan: geuza unyayo wa kushoto nje kidogo unaposimama, wa kulia uache umenyooka. Kiuno kinapata njia ya kuzunguka na goti halikamuliwi kama nguo. Maumivu yakapungua. Nikamuuliza kwanini hakuniambia siku zote. Akasema hukuuliza miguu, uliuliza mikono.

Na kuna misuli. Kuna ule mnyororo unaovuka mgongo, msuli mpana wa mgongo upande mmoja na tako la upande wa pili, vimeunganishwa na utando mgumu pale kiunoni. Bega la kulia na tako la kushoto ni ndugu, kwa lugha nyepesi. Tako langu la kushoto limekaa ofisini miaka mingi, halijui undugu huo. Sasa hivi asubuhi nasimama kwa kushoto napiga mswaki, natumia mkono wa kushoto kama kawaida, na mke wangu ameshazoea.

Mipira yangu haijawa ya maajabu. Hendikapu, kile kipimo cha uchezaji ambacho kikishuka ndo vizuri, imeshuka kidogo, sio ya kutangaza. Nikichoka, kwenye mashimo ya mwisho, narudi kulia kwenye mguu wangu wa zamani na udongo unarudi. Ila sasa najua kimetokea nini, na nafunga mdomo wa kila mtu anayeanza kuniambia habari ya mikono.

Binamu aliyeko Leicester ameniuliza kama aniletee seti ya fimbo za kushoto, zimetumika, bei nzuri, nirudi upande wangu wa kweli. Nimekataa, kwa draiva na aironi. Nimeshajenga nusu ya ukuta, sianzi nyumba nyingine.

Pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ni habari nyingine. Kwenye grini, zile nyasi fupi kuzunguka shimo, hakuna ukuta wala breki, hakuna anayehitaji tako la mtu. Na Notah Begay wa Marekani alikuwa anapiga pata pande zote mbili, kulia au kushoto kutegemea mpira unapindia wapi. Kwahiyo nilimwambia binamu aniletee pata moja tu, ile yenye nyuso mbili, unapiga upande wowote unaotaka.

Jumapili iliyopita nikaitoa kwenye begi, nikasimama kushoto kwa mara ya kwanza, mpira ukaingia kutoka mbali. Afande akaishika bendera akagoma kuendelea.

"Hiyo fimbo ni halali?"

Halali, afande. Kanuni zinaruhusu pata iwe na nyuso mbili, mradi ziwe zinafanana na zimegeukiana. Fimbo nyingine zote ndo haziruhusiwi.

Akaomba aione. Akaipindua, akaipindua tena, akajaribu shimo moja kwa kushoto, akakosa, akasema ni haramu.